Sanamu ya bibi ililowa masika, ila aliyeiharibu ni mimi

Masika ya 2024 wote mnaikumbuka, ile iliyoungana na El Niño mpaka ikafika mahali husikii tena mvua ikianza, unashtuka ikiacha. Sisi tuko Tabata. Katikati ya Aprili tukapata msiba Ifakara, mjomba wake mama, tukafunga nyumba tukijua tunaenda siku tatu, kumbe huko nako maji yamekata barabara, tukakaa wiki nzima. Siku ya kurudi nafungua mlango tu nakutana na harufu, ile ya chaki mbichi imechanganyika na godoro lililolala maji. Dari la jipsamu la sebuleni limeshuka kipande kizima kwenye kona ya mama ya kusalia, limelala chini limevimba kama mkate ulioangukia kwenye chai, na pembeni yake Mama Maria amesimama katikati ya dimbwi, mkono mmoja hana.

Niwaeleze kidogo kuhusu hiyo sanamu maana bila hivyo mtaniona nimehangaikia mdoli. Ni ya plasta, ile ile POP wanayokufungia hospitali ukivunjika mguu, urefu wake kama sentimita 70. Bibi alipewa na masista huko Mahenge enzi mama bado binti. Ikashuka milima juu ya lori la mpunga, ikavuka Kilombero kwa kivuko maana daraja lilikuwa bado, ikapanda treni ya TAZARA pale Ifakara mpaka Dar, na safari yote hiyo haikuvunjika hata kidole. Halafu ije ivunjikie sebuleni kwetu, tena hatupo. Na si ya kwetu peke yetu, kila Mei ambao ni mwezi wa Maria na kila Oktoba mwezi wa Rozari jumuiya yetu, majirani Wakatoliki tunaosali pamoja, inaizungusha nyumba kwa nyumba. Kwahiyo mama aliposimama pale mlangoni kitu cha kwanza alichosema si dari wala kochi, alisema, "Mei ni wiki mbili tu hizi."

Hiyo wiki mbili ndiyo iliyonitia wazimu. Kila kosa nitakalowasimulia hapa limetokana na hiyo haraka.

Hali yenyewe ilikuwa hivi. Tone lilikuwa linadondoka bega la kushoto, siku zote zile tuk tuk tuk, rangi ya bluu ya shela ikabanduka na plasta chini yake ikachimbika kitobo cha kuingia punje ya hindi. Kiganja cha kulia kilipigwa na kipande cha dari kikakatika kwenye kifundo, pale pamechomoza waya una kutu. Kitako kilikuwa kwenye maji na nikikibonyeza kwa ukucha, ukucha unaingia. Ila uso ulikuwa mzima, hilo mlikumbuke. Uso maji hayakuugusa.

Kosa la kwanza halikuchukua hata dakika tano. Niliishika kwapani nikainyanyua kama mtoto, nikasikia kitu kama biskuti inavunjika, kipande cha kitako kikabaki sakafuni. Sikujua kwamba plasta ikishalowa inapoteza karibu nusu ya nguvu zake, kwa macho bado ni jiwe lakini ndani imekuwa kitu kingine. Nilitakiwa niteleze ubao chini yake, kitako kikae juu ya ubao, ndio ibebwe na watu wawili. Halafu nikachukua kitambaa nikakilowesha na maji ya sabuni nimfute uso, eti ametapakaa vumbi la dari. Nafuta shavu, nafuta paji la uso, nageuza kitambaa naona mstari wa kahawia. Nyusi ya kushoto ilikuwa kwenye kitambaa. Unyevu ulishapanda kwa ndani mpaka kichwani ukailegeza rangi bila kuonekana kwa nje, mimi nikaja kumalizia. Mama alinitazama akasema tu, "Acha mwanangu. Acha kwanza."

Usiku mvua ikarudi na paa bado linavuja, nikaona nimfunike. Nikachukua nailoni ile nzito ya kufunikia magodoro nikamzungushia nikafunga na kamba. Asubuhi nikapita nikaona kavu kwa nje nikaridhika, siku ya nne nafungua nakuta ukungu mweusi na wa kijani kwenye mikunjo yote ya gauni, na harufu ya kabati la zamani. Ni kama ukiweka nguo mbichi kwenye mfuko ukafunga, hakuna asiyejua kitakachotokea, ila siku hiyo akili haikufika. Ukitaka kukinga sanamu na matone weka kitu juu kama mwavuli, pembeni pawe wazi ipumue.

Sasa nimeshapaniki. Zimebaki siku tisa. Jua likatoka siku mbili mfululizo, nikaipandisha juu ya bati la banda la kuku, bati ambalo saa saba mchana huwezi kuweka kiganja. Nikaona nimepata dawa maana ilikuwa inakuwa nyeupe huku naiangalia. Jioni naishusha, mgongoni kuna ufa kutoka shingoni mpaka kiunoni, na sehemu ambazo rangi ilishatoka ukipitisha kidole unabaki na unga kama umeshika chaki. Nje ilipata moto ikakauka haraka wakati ndani bado imejaa maji, ufa ukatafuta njia. Na ule unga nilikuja kuelewa baadaye: plasta ikipata joto kali la muda mrefu, kuanzia kama nyuzi 50 na kitu, inaanza kutoa hata yale maji yaliyo sehemu ya jiwe lenyewe, yale yanayoifanya iwe ngumu. Yaani nilikuwa naipika upya.

Nikaita fundi. Simlaumu sana fundi, alifanya alichokijua na nilichomwambia, na nilichomwambia ni "tarehe 30 iwe tayari." Akaziba ufa na bega kwa simenti nyeupe, mkono akaurudisha kwa gundi ya dakika pamoja na kipande cha waya wa kufungia nondo, halafu akapiga rangi ya mafuta mwili mzima, akarudia mara ya pili, akaongeza na pindo la dhahabu ambalo hatukumwagiza. Laki moja na ishirini. Ikawaka kama gari jipya. Uso ukawa mpya, nyusi mbili nene zimekaa kama za mtu anayekudai. Mama hakuipenda lakini tarehe 1 Mei iliingia jumuiya na watu wakasifia.

Tarehe 3 na 4 Mei kikaja kimbunga Hidaya. Mji mzima tunajifungia ndani, boti za Zanzibar zimesimama, na mimi nimelala naangalia paa maana ile hela ya paa nilishampa fundi rangi. Likavuja pale pale. Bahati sanamu ilikuwa nyumba nyingine, ila kipande kipya cha jipsamu nilichoweka juu kikachora ramani ya njano siku ya pili yake. Hapo kwenye dari niseme haraka niondoke: usizibe dari kabla hujaziba bati, na lile doa la njano ukilipiga rangi ya maji litarudi, mimi lilirudi mara tatu, mpaka ulisubiri likauke kabisa ndio ulizuie na andakoti ya mafuta halafu rangi ya kawaida juu. Kipande kilicholegea na karatasi yake imeachia kikate ukitupe, hakifufuki. Paa lenyewe tatizo lilikuwa pale mapaa mawili yanapokutana, majani ya mwembe yamejaa maji yanarudi nyuma, na misumari mitano raba zake zimekufa. Nilikuja kulipa 280,000 mwezi Juni kwa kitu ambacho Februari kingekuwa kufagia majani na pakiti ya misumari.

Turudi kwenye sanamu. Wiki ya tatu ya Mei iko nyumba ya dada mmoja wa jumuiya mtaa wa pili, tuko kwenye rozari, tendo la tatu, kimya, watu wamefumba macho. Tukasikia *tap*. Kitu kimedondoka kwenye kitambaa cheupe cha meza. Kufumbua macho ni shavu. Rangi ya shavu la Mama Maria imebanduka kipande kizima kama ganda la yai la kuchemsha na ndani ya lile ganda kuna matone ya maji yanang'aa. Mtoto mmoja akasema kwa sauti, "Analia." Mama yake akamfinya. Kifundo cha mkono nacho kulikuwa na duara la kahawia, kutu ya ule waya wa nondo inatoka. Tukamalizia rozari, sijui tulimaliziaje. Njia nzima ya kurudi nyumbani mama kaibeba mwenyewe kifuani na hakunisemesha.

Maji niliyoyafungia ndani kwa rangi ya mafuta yalikuwa yanatafuta pa kutokea, ndio hicho tu. Rangi ile ni nailoni nyingine, tena ya kudumu.

Mtu aliyetuokoa ni jirani, mzee mmoja aliyefanya kazi maabara ya meno miaka zaidi ya thelathini, anatengeneza meno ya bandia. Mtaani wanamwita daktari, yeye kila siku anakataa, "mimi si daktari, mimi fundi." Kazi yake ilikuwa plasta asubuhi mpaka jioni, anamwaga kwenye alama ya meno ya mtu, anachonga, anamwaga tena. Mimi siku zote nawaza nani Dar anaelewa sanamu, kumbe nilitakiwa kuwaza nani anaelewa plasta. Nikaenda kibarazani kwake nikamwamkia nikamweleza. Akacheka kwanza, akasema, "Kijana, mimi Muislamu, mambo ya sanamu zenu siyaingilii. Lakini plasta naijua. Mkono utatumia wako, mimi nitakuwa nasema tu." Na kweli hakuigusa hata siku moja, alikuwa anakaa kwenye kiti chake na kikombe cha kahawa ananielekeza kwa fimbo.

Somo lake la kwanza lilikuwa ni kitu gani hiki. Akasema hii ni jasi, hiyo hiyo inayochimbwa Makanya kule Same na Itigi kule Singida. Unaisaga unaipika kama nyuzi 150, inatoa sehemu kubwa ya maji yake inakuwa unga. Wazungu wanaita plasta ya Paris sababu jasi nyingi ilichimbwa kwenye kilima cha Montmartre pale pale mjini Paris. Ukiurudishia ule unga maji unayanywa, unapata moto, unarudi kuwa jiwe. "Sasa jiwe hili halijasahau maji," akasema. Linayeyuka kidogo kidogo, lita moja ya maji inaweza kubeba kama gramu 2 na kitu. Ndogo sana, lakini tone likipiga bega siku saba hiyo ndogo inakuwa kitobo. Na ndani yake ni matundu matundu usiyoyaona, kitako kikisimama kwenye maji yanapanda juu kama mafuta ya taa kwenye utambi. Nikakumbuka nyusi.

Tukaanza kuvua. Nilitumia wembe na subira, wiki mbili, kila jioni saa moja. Rangi iliyotunga malengelenge inatoka yenyewe ukiingiza wembe kwa ubapa, iliyoshika vizuri niliiacha, mzee alinikataza kabisa kutumia dawa ya kuondolea rangi maana inazama ndani na kuondoka na rangi ya zamani pia. Mgongoni nilipong'oa ile simenti nyeupe chini yake plasta ilikuwa uji, nachota na kijiko. Nilishangaa kidogo kwa sababu jasi hiyo hiyo wanaiweka kwenye simenti viwandani isigande haraka, nikadhani ni ndugu. Nikaja kusoma kwamba kiasi kidogo kwenye kinu sawa, ila simenti ikipakwa juu ya plasta yenye unyevu vinatengeneza fuwele zinazovimba, zinasukuma, zinavunja. Na hata kama isingevimba simenti ni ngumu kuliko plasta, kikitokea kishindo kitakachopasuka ni kile kidhaifu, yaani sanamu yenyewe. Gundi ya dakika nayo ilikuwa imenyonywa ndani ikawa kama kioo, nimekwangua mpaka kidole kikaota sugu.

Halafu akauliza swali ambalo sikuwa na jibu lake: "Utajuaje imekauka?" Nikasema nitaishika. Akatikisa kichwa. "Kushika kunadanganya. Ipime."

Kupima ni kupima uzito, wala hakuna kingine. Kila Jumamosi jioni naifunga khanga naibeba mpaka dukani kwa Mangi kwenye mizani yake ya unga. Kwa ule umbo na ile khanga watu njiani wakawa wananiuliza mtoto anaumwa nini. Mama siku ya kwanza alikasirika, "Mama Maria anapimwa kama sukari?" lakini Jumamosi ya tatu yeye ndiye anayeniuliza leo ngapi. Juni mwanzoni ilikuwa kilo 8.6. Wiki iliyofuata 8.2. Ikaja 7.9, ikaja 7.7, ikaja 7.6. Mangi akawa anaandika kwenye kile kidaftari chake cha madeni, nyuma kabisa. Ikagoma hapo 7.6 Jumamosi tatu mfululizo, mzee akasema sasa hiyo ndiyo kavu. Fikirieni, kilo nzima ya maji, na hii ni baada ya kuachwa juani na kupigwa rangi na watu kusema imekauka.

Ukaushaji wenyewe tuliuweka koridoni kivulini, imesimama juu ya vipande viwili vya mbao ili hewa ipite chini maana ndani ina uwazi, feni namba moja ikiwa inapuliza ukutani siyo kwenye sanamu. Kipupwe kilitusaidia, Juni na Julai hewa ya Dar inakuwa na ubinadamu kidogo. Ingekuwa Aprili sijui ingechukua miezi mingapi. Kadiri inavyokauka ikawa inatoa vinyweleo vyeupe kama sukari ya unga karibu na kitako, ni chumvi zinazotoka na maji. Hizo unazipangusa na brashi laini kavu, ukizifuta na kitambaa kibichi unazirudisha ndani. Ukungu vile vile, nilisubiri ukauke kwanza, nikavaa barakoa nikatoka nje nikaupiga brashi, penye doa gumu nikagusa na pamba yenye spiriti kidogo, na kabla ya hapo nikajaribu nyuma ya gauni pasipoonekana nione kama rangi inatoka. Jiki sikutumia, somo la sabuni lilinitosha.

Agosti ndio nikaanza kujenga. Nikaenda Kariakoo kununua POP, nikakuta muuzaji ana mfuko ulio wazi anakupimia kwa kilo, bei nzuri, nikabeba kilo tatu. Nimefika nyumbani nachanganya, nusu saa, saa nzima, kitu bado kama mtindi. Mzee hata hakuinuka. "Imeshakunywa hewa ya bahari hiyo. Imekufa." Unga wa plasta ukikaa wazi kwenye unyevu wetu huu unakunywa kidogo kidogo, ukifika kwako hauna kiu tena. Kwahiyo nunua mfuko uliofungwa, ukifika nyumbani hamishia kwenye ndoo yenye mfuniko unaobana, na kabla hujagusa sanamu jaribu kijiko kimoja kwenye kikombe: iwe ngumu na uisikie joto ndani ya nusu saa, isipofanya hivyo tupa.

Kuchanganya nako kuna adabu yake. Unga ndio unaingia kwenye maji, siyo maji kwenye unga. Maji gramu 50 kwa unga gramu 100, unaunyunyiza taratibu uzame wenyewe, unausubiri kama dakika moja, ndio unakoroga polepole bila kupiga povu. Kikombe kiwe kisafi kabisa, makombo ya plasta ya zamani yanaifanya igande kabla hujageuka, na chumvi pia, ndiyo maana maji ya kisima chetu mzee aliyakataa nikatumia ya kunywa ya dukani. Changanya kidogo kidogo. Mimi nilikuwa nachanganya kikombe kizima natumia vijiko viwili kingine kinagandia mkononi.

Na kabla hujaziba, pale utakapoziba palowanishe kwa brashi. Inashangaza, nimehangaika miezi miwili kutoa maji halafu naambiwa nilowanishe, ila ni unyevu wa juu tu, usipofanya hivyo plasta ya zamani inanyonya maji ya mpya yote kabla haijagandana, unapata kiraka kinachobanduka kama kigaga.

Kiganja ndio kilinimaliza. Kilikuwa kimeokotwa chini ya dari lakini vidole viwili vilishakuwa uji. Nikachomoa waya wa zamani wote, hata kipande kilichozama kwenye mkono, kwa koleo na kutoboa pembeni, maana chuma chenye kutu kinavimba na kitapasua tena hata miaka kumi baadaye. Badala yake nikatumia waya wa shaba, ule mnene wa ethi wa fundi umeme, nikaukwangua plastiki. Shaba haivimbi hivyo. Nikatoboa kwa ncha ya drili nikiizungusha kwa vidole, siyo mashine, nikaunga kwa gundi nyeupe ya mbao. Kuna mtu alinishauri araldaiti, ile gundi kali ya kuchanganya tyubu mbili, mzee akasema ile inashika kuliko plasta yenyewe, siku ikianguka haitaachia pale ulipogundi, itavunja mahali papya, na ukikosea huwezi kuifungua. Vidole nilivijenga juu ya kijiti cha kiberiti, safu juu ya safu, nikachonga na kisu cha kukatia karatasi. Mara ya kwanza kilitoka kama pilipili. Mara ya nne kikawa kidole.

Kabla ya rangi nilizuia viraka tu kwa shelaki, ile vanishi ya mafundi samani, iliyoyeyushwa kwenye spiriti, nyepesi sana. Wataalamu wa makumbusho wanatumia kitu kinaitwa Paraloid B-72, aina ya plastiki inayoyeyushwa kwenye asetoni, kwa sababu kinaweza kuondolewa baadaye bila kuumiza kitu, ila mimi sikukipata. Halafu nikapaka rangi pale palipopotea peke yake, akriliki za kwenye tyubu za stesheneri, siyo mwili mzima. Tofauti unaiona ukisogea karibu na sioni aibu yoyote. Nyusi kaichora binti wa dada yangu, ana miaka kumi na nne, mkono wake hautetemeki. Imekaa juu kidogo kuliko ile nyingine. Mama anasema sasa anatuangalia kama mtu anayesikia habari asiyoiamini sana.

Hesabu zangu, kwa ukweli kabisa: raundi ya kwanza ya haraka 120,000 pamoja na aibu. Raundi ya pili, POP mara mbili, brashi, shelaki, spiriti, rangi, gundi, yote haikufika 70,000, ila ilichukua miezi minne. Kuna siku mbili mama alikuwa ameshakubali tununue nyingine ya faiba, niliziona dukani, nyepesi hazijali maji, na kama sanamu yako haina historia wala usisumbuke, nunua hiyo. Mimi nilishindwa kwa sababu ya kile kivuko cha Kilombero.

Sasa hivi haikai tena kona ile. Ukuta wa nje wenye jua la jioni na mvua ya masika si mahali pake, wala chini ya maungio ya paa, wala ukuta unaopakana na bafu. Iko ukuta wa kati, juu ya kimeza cha mbao chenye miguu, imeachana na ukuta upana wa ngumi moja. Tukisafiri naiingiza chini ya meza kubwa ya chakula, na mwisho wa Februari, kabla masika haijaanza, nageuka fundi majani juu ya paa.

Oktoba ikaingia jumuiya tena. Mwenyekiti alikuja kuichukua akauliza mbona haing'ai kama ile ya Mei, mama akamjibu, "Inapumua." Siku ya mwisho ya mwezi vuli imeanza, manyunyu, naileta nyumbani kwenye khanga chini ya mwavuli, Mangi akaniona akaniita, mizani iko wazi. Nikaiweka. Akasoma, akaenda nyuma ya kidaftari, akasoma tena. 7.8.

"Mbona kanenepa?"

Nikamwonyesha mkono.